Injini huzima gari likisimama? Jiulize kwanza huzima lini

Barua ya kwanza juma hili imetoka Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu ambaye ameomba jina lake lisitajwe, kwa hivyo tutamwita tu mama wa Gatitu. Nyumbani kwake kuna pikapu ya zamani aina ya Datsun 1200 ambayo mumewe aliinunua Mombasa na kuipandisha bara mwezi wa Mei. Asubuhi pikapu hiyo huwapeleka watoto shule, kisha hubeba kabichi na parachichi hadi soko la Karatina.

Ikiwa mwendoni, asema, haina neno. Shida huanza inaposimama. Ikifika njia panda na mguu ukiondoka kwenye mafuta, injini hutetemeka kama kinu cha posho, hukohoa mara mbili tatu, kisha hunyamaza. Matatu iliyo nyuma hupiga honi, watoto huanza kulalamika kwamba watachelewa, na dereva hubaki akizungusha ufunguo hadi betri inachoka. Ikikubali kuwaka hutoa moshi mweusi, na harufu ya petroli huingia mpaka ndani.

Kufikia sasa mama huyu amebadilisha plagi mara mbili, koili mara moja, na betri pia. Fundi wa tatu amemwambia kwamba injini imechoka, yafaa ishushwe yote ifunguliwe, ama inunuliwe nyingine ya mtumba. Pesa anazotakiwa kutoa ni sawa na karo ya muhula mzima ya kifungua mimba wake aliye katika shule ya upili. Anauliza: alipe karo au atengeneze gari?

Mama, lipa karo. Kwa jinsi ulivyoeleza mambo yako, sioni dalili hata moja ya injini iliyochoka. Injini iliyolika pistoni na ringi hutoa moshi wa samawati, hula oili kila juma, na ukiitwika mzigo mlimani hulia kwa uchungu. Yako unasema hupanda milima ikiwa na magunia ya kabichi na wala huongezi oili. Kabla ya mtu yeyote kuishusha injini, mwambie aipime mgandamizo wa silinda zote 4 kwa geji. Ni kazi ya nusu saa. Namba zikikaribiana na zikiwa nzuri, maneno ya kushusha injini yaishe hapo hapo.

Sasa tuutafute ugonjwa wenyewe. Nawaomba wasomaji wengine, hata wale wasio na pikapu kuukuu, wafuatane nasi, kwa sababu njia ni ile ile iwe una Probox, una boda boda, au una pampu ya petroli ya kuvuta maji mtoni.

Injini ya petroli, mbali na huo mgandamizo, hutaka vitu 3 tu: hewa, petroli, na cheche ya kuwasha. Zaidi ya hayo hutaka vije kwa kipimo na kwa wakati wake. Kipimo kinachofundishwa vyuoni ni gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Hewa ikizidi sana, mchanganyiko huwa mwepesi na hukataa kushika moto. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito, plagi hulowa na kuingia masizi, na moshi huwa mweusi. Moshi mweusi wa pikapu ya Gatitu umekwisha kutuambia tuko upande gani.

Mbona basi shida ionekane gari likiwa limesimama tu? Chukua hesabu hii. Injini iliyopumzika, mguu ukiwa nje ya mafuta, huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Katika injini ya silinda 4 kila silinda huwaka mara moja kwa mizunguko 2, kwa hivyo kila moja huwaka mara 350 kwa dakika, yaani karibu mara 6 kwa sekunde. Katika mwendo huo mdogo injini haina nguvu ya akiba. Silinda moja ikikosa kuwaka, nyingine tatu hazina kasi ya kuivuta, nawe huhisi mtikisiko kwenye usukani na kwenye kiti. Barabarani, injini ikizunguka mara 3,000, kosa lile lile hufunikwa na mbio.

Isitoshe, hewa inayoingia wakati wa kupumzika ni kidogo mno. Tundu dogo kwenye mpira, ambalo mwendoni huingiza hewa isiyo na maana, wakati huu huweza kuingiza sehemu kubwa ya hewa yote inayotumika. Ndiyo maana mafundi wazuri huisikiliza injini ikiwa imepumzika kabla ya kuijaribu barabarani. Humo ndimo maradhi yake yote hujitokeza.

Mombasa si Gatitu

Kuna jambo moja ambalo mafundi wote watatu hawakumuuliza mama huyu: gari lilitoka wapi?

Mombasa iko kandokando ya bahari. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu yake. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama asilimia 81 ya ile ya pwani. Mwanafunzi wa Fizikia anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Lita 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 11 za hewa ili iungue sawasawa. Katika joto la Mombasa, kilo hizo ni kama mita 9 za ujazo. Gatitu, kilo zile zile zinajaza karibu mita 11 za ujazo. Injini ina silinda za ukubwa ule ule, kwa hivyo hapa juu huvuta hewa nyepesi kila inapovuta.

Gari la kisasa lenye kompyuta hulitambua hilo na kupunguza petroli lenyewe. Kabureta haina akili hiyo. Jeti zake ni vitundu vya shaba vilivyotobolewa kiwandani, na skrubu zake hukaa pale zilipoachwa na fundi wa mwisho. Kama fundi huyo alikuwa Mombasa, alizipima kwa hewa ya Mombasa. Likifika Nyeri gari hilo linakunywa petroli nyingi kuliko hewa linayopata.

Nisieleweke vibaya. Kupanda mlima peke yake si rahisi kuzimishe injini nzima. Pikapu nyingi za pwani hupanda mpaka Nyahururu, kwenye zaidi ya mita 2,300, na zikafika. Lakini kimo huongezea uzito juu ya makosa madogo yaliyokuwapo tayari, ambayo pwani yalivumilika. Nayo makosa hayo kwa kawaida ni mawili: chujio la hewa lililojaa vumbi, na choki isiyofunguka yote.

Kwa hivyo, mama, kabla ya kumwita fundi wa nne fungua kifuniko cha chujio la hewa. Lishike chujio juani. Usipouona mwanga ukipenya, ni la kutupa, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ile injini ya mtumba. Kisha chungulia kwenye koo la kabureta injini ikiwa imezimwa. Utaona kibati cha duara. Hicho ndicho kifuniko cha choki. Gari likiwa baridi hufunga koo. Gari likiwa moto kibati kinapaswa kusimama wima kabisa. Waya wa choki katika magari ya umri huu hushika kutu na kukwama katikati, na mtu huendesha gari miezi sita choki ikiwa nusu imefungwa bila kujua.

Halafu toa plagi na uzitazame. Plagi ya injini yenye afya ina rangi ya kahawia iliyofifia, kama biskuti. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli imezidi. Nyeusi yenye mafuta maji maji maana yake oili inapanda, na hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kuogopa. Nyeupe kama chokaa maana yake mchanganyiko ni mwepesi na injini inaungua joto. Plagi zako ziliingia masizi, mafundi wakakuuzia mpya, na hizo mpya zikaingia masizi pia. Kununua plagi wakati petroli imezidi ni sawa na kubadilisha taulo huku paa likivuja.

Mambo hayo yakiwa sawa, ndipo kabureta ipimwe. Injini iwe imepata moto wake wa kawaida na choki iwe wazi. Kuna skrubu 2: moja huinua na kushusha mzunguko, nyingine hupima mchanganyiko. Fundi aigeuze ya mchanganyiko robo robo, akaze hadi injini ianze kusitasita, kisha ailegeze kidogo kidogo hadi itulie na kunguruma bila kukatika. Mwisho ndipo arekebishe mzunguko. Kwenye kabureta nyingi za magari kukaza skrubu hiyo hupunguza petroli. Kwenye baadhi ya pikipiki skrubu hupima hewa, na mambo hugeuka kinyume, kwa hivyo mwenye boda boda asiige tu.

Wapo mafundi wanaoikimbilia ile skrubu ya kwanza. Injini ikizima, wanainua mzunguko hadi inaunguruma kama trekta, wanapokea pesa, wanakuaga. Haitazima tena, ni kweli, kwa siku chache. Lakini kosa liko pale pale, petroli inakwisha haraka, na ukiondoa mguu gari linataka kukimbia lenyewe. Ukiona fundi anafanya hivyo bila kufungua chujio wala kutoa plagi, mlipe muda wake umshukuru, uende kwingine.

Na siku pikapu ikiuzwa kwa mtu wa pwani, aambiwe aipime upya. Kabureta iliyopunguzwa petroli kwa ajili ya Nyeri itakuwa na hewa nyingi mno kule chini, na mchanganyiko mwepesi huchoma vali. Anayetoka Nairobi hana haja ya kujisumbua, maana Nairobi na Nyeri zimekaribiana kwa kimo.

Huzima saa ngapi?

Si kila gari linalozima lina ugonjwa wa pikapu ya Gatitu. Swali linalotenganisha maradhi ni hili: huzima lini? Ningependa kila dereva aandike kwenye kijitabu kwa siku 3 tu kabla ya kwenda gereji. Asubuhi au mchana? Likiwa baridi au moto? Baada ya mvua? Baada ya kujaza petroli? Fundi akipata majibu hayo atakuokolea nusu ya gharama.

Kwa watu wa Nyeri, Mweiga na Naro Moru kuna ugonjwa wa Julai ambao watu wa Mombasa hawaujui. Asubuhi yenye ukungu unawasha gari la kabureta, linawaka vizuri, unakwenda kilomita chache, ukisimama linazima. Unasubiri dakika kumi ukitafakari, unawasha, linaenda bila shida. Fundi akija haoni kitu. Kumbe ni barafu. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa sana, na unyevu ulio katika ukungu huganda kwenye koo la kabureta, ijapokuwa nje hakuna barafu yoyote. Injini ikizimwa, joto lake hupanda na kuiyeyusha. Watengenezaji walilijua hilo, na magari mengi ya zamani yalikuja na mpira mpana wa kuvuta hewa yenye joto kutoka karibu na egzosi hadi kwenye chujio. Aghalabu mpira huo ulichanika zamani na ukatupwa, kwa kuwa gari liliendelea kwenda bila huo. Urudishwe.

Linalozima likiwa moto tu, hasa mchana baada ya kukaa kwenye foleni, lina habari nyingine. Pengine petroli inachemka ndani ya bomba lililopita karibu mno na egzosi, na pampu inavuta mvuke badala ya petroli. Juu mlimani hili huja upesi zaidi kwa sababu vitu vyote vya majimaji huchemka mapema hewa ikiwa nyepesi. Hata sufuria ya chai ya Nyeri huchemka karibu nyuzi 94 wala si 100. Au koili inakatika ikipata joto na kurudi ikipoa. Unaweza kutofautisha. Linapozima, toa plagi moja, iunganishe na waya wake, iegemeze kwenye bati la injini mbali na petroli, mtu azungushe ufunguo. Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, koili haina hatia. Usiishike plagi kwa mkono mtupu.

Baada ya mvua au baada ya kuosha injini kwa maji ya presha, mlaumu umeme. Waya za plagi zilizozeeka hupasuka vijinyufa visivyoonekana mchana. Fungua boneti usiku bila taa, injini ikiwa inanguruma, utaona vimulimuli vya buluu vikiruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye bati. Kifuniko cha distribyuta kipanguswe kwa kitambaa kikavu, ndani na nje, na kitazamwe kama kina ufa.

Ikiwa shida ilianza saa chache baada ya kujaza tangi, usimguse fundi kwanza. Chota petroli kidogo kutoka kwenye tangi au kwenye bomba la kabureta uitie ndani ya chupa ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo yatakaa chini yakionyesha mpaka wazi. Kisha tone moja litie kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka pasiache alama. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Uchanganyaji huo ulikuwa biashara kubwa nchini kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini, na ndiyo sababu mwaka wa 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya kuchanganya ipotee. Mwenye stima na gesi huenda hakuusikia ushuru huo. Mama anayepikia stovu ya mafuta ya taa aliusikia. Majaribio haya yote yafanywe nje, mbali na jiko, sigara na watoto.

Lipo pia gari, au pampu ya maji, linalowaka vizuri kabisa, linafanya kazi dakika ishirini, linakufa taratibu kama mtu anayesinzia, likipumzishwa linaamka. Fungua kifuniko cha tangi wakati huo huo. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, umeupata ugonjwa. Kila tangi lina kitundu cha kupumulia. Petroli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake. Kitundu kikizibwa na matope au nyigu, tangi hujinyonga lenyewe na petroli haishuki. Mkulima anayemwagilia kabichi amewahi kununua kabureta mpya ya pampu kwa sababu ya kitundu ambacho pini ingekizibua.

Hilo la tangi linanikumbusha msomaji wa Kilifi aliyeuliza kuhusu boti yake yenye injini ya petroli iliyofungwa ndani, ambayo hutetemeka na kuzima anapokaribia gati. Bwana, maswali ni yale yale na mpangilio ni ule ule, ila anza na maji ndani ya petroli na kitundu cha tangi, kwa kuwa baharini unyevu na chumvi havilali. Tofauti kubwa iko kwenye usalama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Gari likivuja, mvuke hushuka chini na kupeperuka. Boti ni kama bakuli. Mvuke hujikusanya chini ya injini ukingoja cheche. Fungua kifuniko cha injini, nusa, na uendeshe feni ya kutoa hewa kwa dakika 4 kamili kabla ya kugusa ufunguo, hata kama abiria wanakuharakisha.

Magari yenye kompyuta

Vijana wa chuo watasema haya yote ni ya magari ya babu. Kweli, magari mengi yanayoingia sasa hayana kabureta. Lakini nayo huzima, na wenyewe huibiwa zaidi kwa sababu kila kitu kimefunikwa kwa plastiki.

Kwenye gari la injekta linalotetemeka likisimama, anza na koo la hewa, pale bomba la kutoka kwenye chujio linapoingia injini. Kibati cha humo hujijengea utando mweusi wa oili na vumbi, na upenyo wa hewa ya kupumzikia huzibika. Kuna dawa ya kopo ya kuosha. Kitambaa, subira, na kazi ya saa moja. Betri ikitolewa au koo likioshwa, magari mengine husumbua kidogo mpaka kompyuta ijifunze upya, kwa hivyo usikate tamaa siku ya kwanza. Kisha tafuta hewa ya wizi. Sikiliza mlio kama wa nyoka karibu na mipira midogo inayoingia injini, ikunje kwa vidole uone kama imepasuka. Ukipulizia maji kidogo mahali unaposhuku na mngurumo ukibadilika, hapo ndipo panapovuja. Wapo wanaopulizia petroli badala ya maji. Egzosi ikiwa moto, huko ni kucheza na uhai.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi ataunganisha mashine na kusoma namba. Namba hizo zieleweke vizuri. P0301 husema silinda ya kwanza haiwaki sawasawa. Haisemi koili imekufa. Wengi husomewa P0301, wanauziwa koili, na gari linaendelea kutetemeka. Mwambie fundi azime injini, ahamishe koili ya silinda ya kwanza aiweke ya pili, na ya pili aiweke ya kwanza, kisha asome tena. Ikija P0302, koili ndiyo mbaya, kanunue. Ikibaki P0301, koili ni nzima. Hamisha plagi, kisha tazama injekta. Hamisha hamisha hiyo haigharimu hata shilingi. Usikubali lakini mtu achomoe koili injini ikiwa inawaka, kama tulivyozoea kuchomoa waya za plagi zamani. Umeme wa koili hizi unaweza kumrusha mtu, na unaweza kuharibu kompyuta.

Na spea iliyotolewa irudishwe mkononi mwako. Fundi mwaminifu hakasiriki akiombwa.

Gari likizima mteremkoni

Mama wa Gatitu amesema jambo moja katika mstari wa mwisho wa barua, kana kwamba ni dogo: kwamba mara moja injini ilizima wakiwa wanateremka, watoto wakiwa ndani. Magari mengi yana breki zinazosaidiwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Injini ikizima, msaada huo hubaki wa kukanyaga mara 1 au 2, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Usukani wa pawa nao huwa mzito. Breki hazijafa, zinataka nguvu ya mguu mzima. Kwa hivyo injini ikizima mteremkoni usipampu breki. Kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, shika usukani kwa mikono miwili, elekea pembeni. Ufunguo usiuzungushe mpaka mwisho wa kuzima, maana usukani wa magari mengi hujifunga ufunguo ukitolewa. Wale wenye tabia ya kuweka gia huru na kuzima injini ili kubana petroli kwenye miteremko wanajitafutia hali hii kwa hiari yao.

Na sasa kwa kuwa baridi imeingia, kuna lingine. Gari linalosumbua kuwaka, watu huliwasha mapema ndani ya gereji likae linanguruma lipate moto, na watoto huingizwa humo wakae kwenye joto wakingoja safari. Injini yenye petroli nyingi kuliko hewa, kama hii ya moshi mweusi, ndiyo inayotoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba. Haina rangi wala harufu. Ile harufu ya petroli inayoingia ndani ya pikapu yako, mama, inaonyesha kwamba moshi nao una njia ya kuingia. Kabla ya kabureta kupimwa, mtu alale chini atazame egzosi kama imetoboka, na mpira wa mlango wa nyuma kama umechanika. Hadi hapo watoto wasafiri na kioo kimefunguliwa kidogo hata kama kuna baridi, na asubuhi pikapu isukumwe nje ya gereji kwanza, ndipo iwashwe.